Batu Bote

Msomaji, kama wewe ni mwanafunzi, bila shaka umepata kusahihishwa Kiswahili chako mbele ya wenzako, nawe ukaona haya. Nataka kukusimulia jinsi nilivyomsahihisha mtoto mmoja wakati usiofaa.

Mwaka 2012 nalikuwa mwanachuo katika chuo cha ualimu hapa Kenya. Likizo ya Desemba ilipofika, sisi wanachuo sita tulivuka mpaka wa Busia kwa basi, tukaenda kujitolea kwa majuma matatu huko Rwamwanja, wilaya ya Kamwenge, magharibi ya Uganda. Makazi hayo yalifunguliwa kwanza mwaka 1964 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda; yakafungwa mwaka 1995; yakafunguliwa tena Aprili 2012, vita vipya vilipowafukuza watu wa Kivu ya Kaskazini, katika Kongo. Huko Uganda mkimbizi hafungiwi ndani ya ua. Hupewa kiwanja ajenge na kulima. Lakini mtoto aliyefika peke yake atalima na nani? Watoto wa namna hiyo ndio waliotungojea katika banda la turubai.

Tulijiona watu wakubwa. Tulichukua chaki, vitabu na mpira mmoja, na mpira ndio uliofaa kuliko vyote. Asubuhi tuliteka maji na kugawa uji, mchana tulifundisha. Mimi nilijivuna kwamba watoto wale walisema Kiswahili, basi hata mkalimani sikumhitaji.

Siku ya nne, mvulana wa yapata miaka kumi, ambaye tangu tufike hakuwa amefungua kinywa, alikuja akaketi karibu nami. Akaanza kwa sauti ndogo, "Batu bote balikimbia..." Nami, kwa mazoea ya chuo, nikamkatiza: "Sema, watu wote walikimbia." Akanitazama. Akasema, "Watu wote walikimbia." Kisha akanyamaza, akaenda zake.

Sarufi yangu ilikuwa sahihi, nami sijapata kujutia neno kama nilivyolijutia lile. Wala Kiswahili chake hakikuwa kibovu. Kilikuwa kile alichosemeshwa nyumbani, kisemwacho sokoni na kanisani huko Goma. Nikamwendea mama mlezi, naye ni Mkongo, nikaungama. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwalimu, usimuulize kitu. Ukae karibu yake."

Nikakaa. Kukaa ni kazi ngumu kwa kijana aliyefunzwa kuandaa somo la dakika arobaini. Tulimenya viazi, tuliziba mpira ulipotoboka, nikamwomba anifundishe majina ya vitu kama wanavyoviita kwao. Nilipokosea alicheka, akanisahihisha bila huruma.

Zilipobaki siku mbili, tukiosha masufuria, alianza tena. Alianza na maneno yale yale, "batu bote", akaendelea mpaka masufuria yakaisha, nasi tukazidi kuyasugua yaliyokwisha takata. Aliyoyasema ni mali yake, sitayaandika hapa.

Asubuhi ya kuondoka aliuliza kama tutarudi. Wenzangu walijibu kwa furaha, "Ndiyo, likizo ijayo," nami nikaitikia pamoja nao. Likizo ile ilipofika tulikuwa katika mazoezi ya kufundisha, kila mmoja na shule yake. Hakuna aliyerudi.