Nyumba Kuukuu ya Bei Kubwa: Matembezi katika Mtaa wa Daechi, Seoul

Msomaji aliyezoea maisha ya kambini anaujua vyema usiku wa barua ya uhamisho. Baba huisoma mara mbili, kisha mama huuliza swali moja tu: "Na watoto watasoma wapi?" Swali hilo nilikwenda kulikuta likiulizwa kwa sauti ile ile katika mji wa Seoul, makao makuu ya Korea ya Kusini, ila kule huulizwa pia na watu ambao hawajapata uhamisho wowote. Hujihamisha wenyewe, kwa fedha zao na aghalabu kwa deni, ili mtoto apate kuingia katika kanda fulani ya shule.

Nilivuka Mto Han kwa basi asubuhi moja ya Februari, barafu ikiwa bado imeganda kando ya maji. Daraja tulilopita, linaloitwa Hannam, lilifunguliwa mwezi wa Desemba 1969, na mwaka uliofuata ikakamilika barabara kuu iendayo Busan. Ng'ambo yake ni Gangnam, maana yake kusini mwa mto. Hapo kale palikuwa na mashamba ya mpunga na mboga, na miti ya mapeasi. Leo ni majumba ya ghorofa, safu baada ya safu, yamepigwa nambari ubavuni kama makontena bandarini.

Askari ataielewa upesi sababu mojawapo ya serikali ya wakati ule kutaka watu wavuke. Tarehe 28 Juni 1950, siku ya nne ya vita vya Korea, jeshi la Kusini lililipua daraja la Mto Han kabla ya mapambazuko ili kumzuia adui, na wakazi wengi wa Seoul wakabaki upande wa kaskazini bila njia ya kukimbilia. Miaka 20 baadaye mji ulikuwa bado umesongamana upande ule ule ulio karibu na mpaka. Watu walishawishiwa kuhama, nao wakasita, kwa kuwa hakuna apendaye kuacha mji na kwenda kukaa matopeni. Ndipo zilipohamishwa shule. Gyeonggi, shule ya wavulana iliyosifika kuliko zote, ilipelekwa kusini mwaka 1976. Whimoon ilifuata mwaka 1978, ikajengwa papa hapa Daechi. Mwaka 1980 zikaja Shule ya Seoul, ambayo hapo awali ilikuwa katika uwanja wa jumba la kale la kifalme, na Sookmyung ya wasichana. Wazazi waliokataa kuyafuata maji ya bomba na lami walizifuata shule bila kuambiwa mara ya pili. Majengo ya zamani ya Gyeonggi yamekuwa maktaba ya umma tangu 1977. Niliingia humo, nikawakuta wazee wakisoma magazeti katika vyumba ambamo vijana wa nchi nzima walitamani kukaa.

Lakini kanda ya shule isingekuwa na thamani hiyo kama mtihani wa kuingia shule ya kati ungalikuwapo. Shule ya kati kule ni miaka mitatu, baada ya sita ya msingi. Zamani watoto wa miaka 12 walifanya mtihani ili kuingia katika shule chache zenye jina, nao mtihani huo uliwatesa watoto na kuwatia wazazi wazimu. Mwezi wa Desemba 1964 liliulizwa swali kuhusu upishi wa yeot, namna ya haluwa ngumu ya nafaka: ni kitu gani kinachoweza kutiwa badala ya kimea? Jibu lililotakiwa lilikuwa dayastasi, dawa ya kuyeyusha wanga. Katika majibu ya kuchagua palikuwa pia na maji ya figili, na watoto waliochagua figili walikosa alama. Basi akina mama wakatia sufuria motoni, wakapika yeot kwa maji ya figili, ikaiva sawasawa, wakaichukua hadi kwa wakuu wa elimu na kuwaambia waionje. Shauri lilifika mahakamani, na mwaka 1965 wanafunzi 38 wakaingizwa katika shule walizonyimwa. Alama moja tu ilikuwa imeutikisa mji mzima.

Mtihani huo ulifutwa Seoul mwaka 1969, na kufikia 1971 nchi nzima. Mahali pake pakawekwa bahati nasibu: mtoto alizungusha pipa kwa mkono, tembe ikaanguka, na nambari ya tembe ikawa shule yake. Siku hizi kompyuta ndiyo izungushayo. Mji umegawanywa kanda, na mtoto hupangiwa shule ya kati ndani ya kanda ya nyumba alimoandikishwa. Nia ilikuwa njema kabisa. Ila mwenye fedha aliona upesi kwamba ingawa hawezi kununua tembe, anaweza kununua nyumba iliyo karibu na pipa.

Mwenyeji wangu Daechi alikuwa mke wa afisa wa jeshi. Mumewe yuko kituoni karibu na mpaka wa kaskazini na huja nyumbani mwisho wa juma, kama wanavyoishi wengi wa kazi ile. Jina lake sikulisikia likitamkwa hata mara moja, kwani majirani walimwita kwa jina la mwanawe, kama tufanyavyo sisi tusemapo Mama Fulani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mkalimani wangu alipata nafasi ya kupumzika.

Alinipeleka kwanza kuona majumba ya Eunma, maana yake farasi wa fedha, yaliyojengwa mwaka 1979. Ni majumba 28 ya ghorofa 14, yenye nyumba 4,424. Nilitazamia fahari, nikaona rangi iliyobabuka na nyaya zinazoning'inia. Wakazi wamelalamika kwa miaka mingi juu ya maji yenye kutu. Magari ni mengi kuliko nafasi, hivyo huegeshwa safu mbili bila kufungwa breki, na mwenye haraka huyasukuma kwa mikono ili apate kutoka. Hata hivyo katika miaka hii ya 2020 nyumba moja humo, yenye vyumba vitatu vya kulala vya kadiri tu, imekuwa ikiuzwa zaidi ya won bilioni 2, fedha ambayo sajini hataiona katika utumishi wake wote. Sehemu ya bei hiyo ni tumaini la majengo kuvunjwa na kujengwa upya. Sehemu nyingine ni ile kanda, pamoja na vituo vya masomo ya ziada, viitwavyo hagwon, vilivyojaa kila ghorofa ya barabara za jirani.

Familia ya mwenyeji wangu haikununua. Ilipanga kwa desturi iitwayo jeonse: mpangaji humkabidhi mwenye nyumba rundo kubwa la fedha, aghalabu zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba, hukaa miaka miwili bila kulipa kodi ya mwezi, kisha hurudishiwa amana yake yote. Ili kupata amana hiyo waliipangisha nyumba yao wenyewe ya mkoani, na kukopa benki sehemu iliyobaki. Kwa hiyo mama huyu ana nyumba asimolala, na analala katika nyumba isiyo yake. Nilimwuliza kama anajuta. Alisema majuto yanahitaji nafasi, na nyumba ni ndogo.

Nikataka kujua mzazi hulinganishaje kanda na kanda. Hapo alifunguka. Kosa la wageni, alisema, ni kumwuliza dalali jina la shule nzuri, na hali dalali huisifu ile iliyo karibu na nyumba anayoiuza. Yeye aliuliza kwanza ni shule ngapi za kati katika eneo lile zinazopokea wavulana, kwa kuwa nyingine ni za wasichana peke yao, na mwenye mtoto wa kiume aweza kulipa bei ya kanda nzima akapata nusu ya shule zake. Kisha alitembea kwa miguu, saa mbili kasoro ya asubuhi, njia ambayo mtoto angepita, akihesabu barabara za kuvuka. Aliuliza idadi ya watoto darasani. Korea watoto wanapungua mno, hata mwaka 2023 uzazi ulishuka hadi wastani wa mtoto 0.72 kwa kila mwanamke, na shule kadhaa za Seoul zimefungwa. Lakini katika mitaa kama Daechi madarasa yamejaa kwa sababu kila mtu anakimbilia huko.

Jambo moja alilolisema lilinishangaza. Walimu wa shule za serikali huhamishwa kila baada ya miaka michache, kama askari. Mwalimu anayesifiwa leo katika kanda ya ghali kesho yuko ng'ambo ya mto. Basi hasa ni nini kinachonunuliwa? "Watoto wa watu wengine," alijibu. Yaani mtoto wake akae kati ya wenzake waendao hagwon.

Sikuridhika sana na jibu hilo, ingawa sikumwambia. Alama za shule ya sekondari ya juu kule hutolewa kwa kumpima mwanafunzi dhidi ya wenzake, nazo huhesabiwa katika kuingia chuo kikuu. Mtoto mwema kati ya wema kupita kiasi huonekana wa kawaida. Ndiyo maana familia nyingine hununua kanda kwa miaka mitatu ya shule ya kati, kisha hukimbia. Aidha wapo wasiohama kabisa: huandikisha anwani ya ndugu au rafiki, na wao wenyewe wanakaa mbali. Sheria inaruhusu kuwafunga hadi miaka mitatu, na bado kosa hilo limefichuliwa mara kwa mara bungeni, watu walioteuliwa kuwa mawaziri wakihojiwa kuhusu anwani walizokaa watoto wao wakiwa wadogo.

Saa nne ya usiku tulisimama kwenye njia panda ya Eunma. Huo ndio wakati ambao vituo vya hagwon vya Seoul hulazimika kufungwa. Serikali ya kijeshi iliwahi kupiga marufuku masomo ya ziada mwaka 1980, na Mahakama ya Katiba ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka 2000. Kilichobaki ni saa ya kufunga. Milango ilifunguka, watoto wakamiminika, wadogo wakikokota vitabu katika mabegi ya magurudumu. Magari ya wazazi yalikuwa yamepanga mistari miwili, taa zikimweka. Mwana wa mwenyeji wangu alitoka na wa mwisho. Alinisalimu kwa kuinama, akala andazi mbele yetu bila kusema neno.

Mwakani atamaliza shule ya kati, na hapo ndipo penye shauri la nyumba hiyo. Iko shule ya bweni iitwayo Hanmin, iliyofunguliwa mwaka 2014 huko Paju kwa ajili hasa ya watoto wa wanajeshi wanaohamahama. Baba anaitaka, kwa kuwa itawaondolea deni na kuwarudishia nyumba yao. Mama anasema hakubeba mzigo wa Daechi miaka miwili ili mtoto akalale mbali naye. Kijana mwenyewe, nilipomwuliza, alijibu kwamba angependa kulala.

Asubuhi nilipoondoka, lori lenye ngazi ndefu lilikuwa limeegemezwa kwenye ghorofa ya tisa ya jumba jirani, likiteremsha vyombo kupitia dirishani: kabati, friji, dawati dogo la mtoto. Lori la pili lilikuwa limesimama nyuma yake, injini ikinguruma, likingoja nafasi ipatikane.