Kila Kifaa Kilikuja na Mtu Wake

Nilipoanza kazi ya ukarani wa hesabu jijini Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, mtu aliyeogopwa kuliko wote ofisini kwetu hakuwa mkurugenzi. Alikuwa mama mmoja mchapaji. Taipureta yake ilikuwa nzito, ya kijivu, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hata kwa kuipangusa vumbi. Ukitaka barua yako itoke siku hiyo hiyo, ulimwamkia mapema, ukamuulizia watoto, na waliojua maisha walimpitishia maandazi saa nne. Barua ya mtu aliyejifanya mkubwa ililala chini ya rundo mpaka mwenyewe aje kwa upole.

Nguvu yake ilitokana na karatasi ya kaboni. Kila barua ilihitaji nakala tatu au nne, na kosa kwenye karatasi ya juu lilikuwa kosa kwenye zote. Ukifuta, unachafua. Kwa hiyo mchapaji bora alikuwa yule asiyekosea, na mama huyu hakukosea. Tena barua za uhamisho, za karipio na za kupunguzwa kazi zilipita mikononi mwake kabla hazijawafikia wahusika. Hakuwahi kutoa siri, lakini asubuhi tukimkuta amenyamaza na hataki utani, tulijua kuna mwenzetu anaondoka.

Nimeanza na yeye kwa sababu nikivikumbuka vifaa vilivyopita mikononi mwangu, nyumbani na kazini, sioni hata kimoja kilichokuja peke yake. Kila kifaa kilikuja na mtu aliyekijua. Tulimtegemea, tulimbembeleza, tulimlalamikia. Kisha kifaa kikabadilika na yule mtu akapotea bila kuagwa. Wanaosimulia mambo haya hupenda kutaja bei na mwaka. Mimi wale watu ndio nawakumbuka zaidi.

Nyumbani kwetu Korogwe, kabla sijaja mjini, mtu huyo alikuwa fundi redio. Baba alikuwa na redio ya National iliyotumia betri kubwa, na betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati mpaka zipate uhai wa kusikiliza taarifa ya habari. Muziki ulizimwa mapema. Hatukuambiwa sababu, lakini tuliijua: Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, na hakuna aliyetaka msiba wa ndugu umpite kwa sababu watoto wamemaliza betri kwa dansi. Redio ikianza kukwaruza ilipelekwa kwa fundi aliyekaa kwenye baraza ya duka sokoni, na chuma chake cha kulehemu akikichoma kwenye jiko la mkaa. Aliifungua mbele yako. Alikuonyesha waya uliokatika, akauunga, akawasha, mkasikiliza wote. Ulilipa ukijua unalipia nini.

Siku hizi nikienda Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kijana anaichukua simu yangu, anaingia nayo chumba cha ndani, anarudi nayo imepona au haijapona. Sisemi ni mwizi. Wengi wao ni mafundi hodari kweli, na vitu wanavyoshughulika navyo ni vidogo mno kwa macho yangu. Lakini sijui kamwe alichofanya huko ndani.

Kompyuta ilitufikia ofisini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuchelewa huko kulikuwa na sababu yake. Mwaka 1974 serikali ilitoa amri ya kuzuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni, vyote viwili ndani ya amri moja. Sekondari yangu yote ilipita ndani ya amri hiyo. Ng'ambo ya maji, Zanzibar, walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo ya 1970. Sisi wa bara tulisubiri mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo.

Kompyuta yetu ilitengewa chumba chake, chenye zulia na kiyoyozi, na hicho ndicho kiyoyozi pekee kilichokuwa kikifanya kazi katika jengo zima. Viatu viliachwa mlangoni. Jioni ilifunikwa gubiko la plastiki kama bibi harusi, na ufunguo aliondoka nao kijana mmoja mwembamba aliyekuwa ametoka kozi. Alikuwa na boksi la diski za flopi ambalo hakuliacha hata akienda kula. Tulimwita fundi, akakasirika, tukaanza kumwita mtaalamu.

Mama mchapaji naye alipelekwa kozi. Tulidhani itamshinda, akarudi akichapa haraka kuliko yule kijana. Kilichomshinda ni jambo lingine. Sasa kosa lilifutika bila alama, kwa hiyo wakubwa walianza kubadilisha mawazo. Zamani bosi alifikiri kwanza, akaandika kwa mkono, akasoma tena, maana alijua barua ikirudishwa kuchapwa upya atanuniwa wiki nzima. Sasa barua ya nusu ukurasa iliweza kwenda na kurudi kutwa nzima kwa ajili ya neno moja. Baadaye kila ofisa akawekewa kompyuta mezani kwake. Mama alistaafu, na hakuna aliyeajiriwa kuziba nafasi yake, kwa kuwa sasa sote tulikuwa wachapaji. Nimeziona barua zilizotoka ofisini kwetu baada yake. Zilikuwa na maandishi ya kupendeza, zimenyooshwa pande zote mbili, na zimejaa makosa ambayo yeye asingeyaruhusu yatoke mlangoni.

Televisheni sitaisemea sana. Kwetu ilianzia kwa jirani, watoto wakiwa wamejaa sakafuni na watu wazima wakichungulia dirishani. Mtu wake alikuwa yule aliyetumwa nje kuzungusha antena iliyofungwa juu ya mti mrefu, akipigiwa kelele kutoka ndani: hapo hapo, umepitiliza, rudi kidogo! Kwenye mabanda ya video alikuwepo mwingine, mfasiri wa filamu, aliyewatilia Wachina na Wahindi maneno ya Kiswahili na mengine yasiyokuwemo kabisa. Lufufu ndiye aliyevuma kuliko wote katika kazi hiyo, na nawajua watu waliokuwa hawaulizi filamu inahusu nini, wanauliza tu kama ametafsiri yeye. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, tukanunua ving'amuzi. Picha ikawa safi, na wa kuzungusha antena akaingia ndani kukaa na wenzake. Hapo sina malalamiko, isipokuwa kifurushi kinapokwisha katikati ya mechi.

Simu ndiyo iliyogeuza mambo kweli kweli.

Ya mezani ofisini kwetu ilikuwa ya kuzungusha namba, na tundu mojawapo lilitiwa kufuli dogo ili tusipige simu za mikoani kwa gharama za ofisi. Waliokuwa na vidole vyepesi waliweza kupiga kwa kugonga gonga pale kinapowekwa kipokeo, wakihesabu kila tarakimu. Lakini simu za kutoka nje zilipitia kwa dada wa mapokezi, na huyo alikuwa na kipaji. Akisikia sauti ya mdai, alijibu papo hapo: "Ametoka kidogo, labda jaribu kesho." Mke wako akipiga, alikutafuta jengo zima. Hakufundishwa na mtu, alitujua tu. Miaka ya mwisho ya kazi yangu tulikuwa na kundi la WhatsApp la ofisi, na mkuu wa kitengo alituma maagizo saa nne usiku, kisha akasubiri zile tiki mbili zigeuke bluu. Hakukuwa na wa kusema nimetoka kidogo.

Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994, zikiwa za matajiri. Sisi wa kawaida tulizipata miaka ya 2000, na mama yangu Korogwe akapata Nokia ile ya tochi. Kwa muda mrefu tochi ilifanya kazi kuliko simu, kwa sababu vocha ilikuwa ghali na yeye aliishia kubipu. Kubipu kwake kulikuwa na utaratibu: mara moja maana yake nipigie ukipata nafasi, mara mbili mfululizo maana yake kuna mgonjwa. Betri ikiisha alimpa mtoto aipeleke dukani, ikabanwa kwenye chaja ya kobe pamoja na betri za mtaa mzima.

Hela za matumizi nilimtumia kwa basi. Mwisho wa mwezi nilikwenda stendi ya Ubungo na bahasha, nikamkabidhi konda wa basi la Tanga, nikakariri namba ya gari, mama akasubiri barabarani. Konda alipewa cha soda. Mara nyingi bahasha ilifika salama, mara nyingine ilifika imepungua, na hukuwa na pa kwenda kushitaki. Kwa hiyo M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, sikuwa miongoni mwa waliosita. Hela inaondoka mkononi mwangu Dar es Salaam, na kabla sijairudisha simu mfukoni imeshafika Korogwe. Katika vyote nilivyoviona maishani, hicho ndicho kilichonisaidia kuliko kingine chochote, na ninayasema haya nikiwa mtu wa hesabu.

Ila nacho kilikuja na mtu wake, wakala. Mama alikwenda kibandani, akasimama mbele ya foleni, akamnyooshea kijana simu na kusema kwa sauti, "Mwanangu, nitolee hizo alizotuma kaka yako," kisha akataja namba ya siri, tarakimu zote nne, watu wote wakisikia. Nilipomkanya alinishangaa. Kijana yule anamwamkia kila siku, mama yake wanamjua, babu yake alizikwa na kijiji kizima. Namba ya siri ya kumficha mtu kama huyo ni ya nini? Na kwa kweli kijana yule hakumwibia hata senti. Alimhesabia noti mbele yake, kama alivyofanya fundi redio.

Kijana akaenda kusoma, kibanda kikachukuliwa na mwingine ambaye hakuna aliyejua kwao. Hesabu zikaanza kuwa na matundu. Nikituma elfu hamsini, mama anasema amepata arobaini, na yeye haoni ajabu, anadhani ni makato. Zikaja na zile jumbe ambazo kila mwenye simu nchini amezipata: ile pesa itume kwenye namba hii. Zinawanasa watu kwa kuwa karibu kila mtu, saa yoyote, ana hela aliyoahidi kumtumia fulani. Tulisajili laini kwa alama za vidole, mwisho wake ukiwa Januari 2020, na jumbe hizo ziliendelea kuja.

Umeme nao ukafuata njia hiyo hiyo. Zamani msoma mita alipita nyumbani, akabisha hodi, akapewa maji, akaandika kwenye daftari lake. Ilipokuja LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, akapotea, na badala yake tukapata tarakimu ishirini za kubonyeza. Kwa mama zilihitajika roho mbili: mmoja juu ya stuli, mwingine chini akisoma kwenye kioo cha simu, na wote wawili kuanza upya mtu akipiga katikati.

Mpwa wangu mmoja, binti wa kidato cha tatu, ndiye aliyeamua kumfundisha bibi yake kutoa hela mwenyewe. Mama hasomi vizuri, lakini tarakimu anazijua, ameuza vitenge sokoni maisha yake yote. Hakujifunza maneno ya kwenye kioo. Alikariri mfuatano wa kubonyeza. Moja, nne, mbili, namba ya wakala, kiasi, siri. Aliweza. Kisha kampuni ikapanga upya orodha yake bila kumwambia mtu, ile nne ikawa kitu kingine, na mama akarudi kumnyooshea kijana simu. Binti akamfundisha tena. Safari hii alimfundisha pia kuitambua sura ya neno lenyewe, "kutoa", ili namba zikihama alitafute lilipo. Ilichukua likizo nzima ya Desemba, na hela hazijapungua tena njiani.

Wengi wetu tuliopo mjini tunawanunulia wazazi simu, tunawawekea laini, tunawatilia picha za wajukuu, tunaondoka. Tunasahau kwamba yule mtu wa kati waliyemzoea hayupo, au yupo mwingine wasiyemjua. Ukienda likizo, kaa na mzazi wako, mwache ashike simu kwa mkono wake, akosee, arudie, mpaka atoe hela mwenyewe na kulipia umeme mwenyewe. Halafu mwambie abadilishe namba ya siri, na wewe ugeuke pembeni usiione.