Mali Bila Daftari: Tuliposhauriana Juu ya Programu



Ndugu zetu wasomaji, wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema daftari liwe la karatasi au la kompyuta. Hilo wametuachia sisi. Mwaka uliopita, sisi tulio katika kamati ya mfuko wa maziko wa mtaa wetu tulikaa vikao vingi tukishauriana: je, tutengeneze programu yetu wenyewe, tununue iliyokwisha kutengenezwa, au turekebishe kwanza namna tunavyoyaendesha mambo yetu? Tumeona ni vyema kuwasimulia tulivyofikia uamuzi, kwani swali hili sasa linabisha hodi katika kila chama, kila madrasa na kila duka la familia.

Mfuko wetu ni wa nyumba 140, na kila nyumba hutoa shilingi 300 kwa mwezi. Msiba ukitokea, mfuko hugharimia sanda, kaburi, gari na chakula cha siku ya kwanza. Nanyi mwajua kwamba kwetu maiti hacheleweshwi. Aliyefariki alfajiri huenda akazikwa kabla ya alasiri. Kwa hiyo swali la iwapo nyumba fulani imetimiza michango yake huwa na saa chache tu za kujibiwa, nalo hujibiwa watu wakiwa katika majonzi.

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Mkusanyaji alipita mlango kwa mlango, akapokea fedha, akatia alama katika daftari mbele ya mwenye nyumba. M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi mwaka 2007, na baadaye ikaenea hata kwa muuza mbaazi, michango nayo ikahamia katika simu. Unafuu ulikuwa mkubwa, lakini pamoja nao kukaingia jambo ambalo hatukuliona upesi: ujumbe wa simu huja na jina la aliyetuma fedha, wala si jina la nyumba anayoilipia. Kijana aliye Malindi humlipia mama yake. Mkwe aliye Lamu hulipia nyumba ya wakweze. Binti anayefanya kazi Doha humwagiza rafiki yake atume kwa niaba yake.

Ndivyo ilivyokuwa alipofariki bibi mmoja mjane wa mtaa wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Maziko yalifanyika kwa wakati wake. Lakini siku ya pili ya matanga, wanawe waliulizwa habari ya miezi minne iliyoonekana haina malipo. Fedha zilikuwamo zote, kwa jina la mkwewe. Hakuna aliyeiba wala aliyezembea; hata hivyo neno lilikwisha kusikika mbele ya wageni, na neno likishatoka halirudi. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu akawa na dawa yake.

Vijana walitaka tutengeneze programu. Mmoja wao, anayesoma elimu ya kompyuta chuoni, alijitolea kuifanya kazi hiyo bila malipo, akitaraji thawabu. Wafanyabiashara miongoni mwetu walitaka tununue. Waliuliza bei, wakaambiwa shilingi 7,500 kwa mwezi. Tulipopiga hesabu tuliona kwamba kwa mwaka ni shilingi 90,000, yaani michango ya mwaka mzima ya nyumba 25. Nyumba 25 zingekuwa zinatoa fedha zao ili zihesabiwe za wengine.

Bi Katibu, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, akatoa rai ya tatu. Alisema, "Kabla hatujamwajiri fundi, hebu tuifuate shilingi moja tangu inapotoka mkononi mwa mtu mpaka inapofika kaburini."

Tukaifuata. Tukaona kwamba mchango mmoja ulikuwa ukiandikwa mara nne: katika simu ya mhazini, katika daftari la mkusanyaji wa barabara, katika daftari kubwa, na katika karatasi inayosomwa kikaoni. Waandishi walikuwa watatu na siku za kuandika zilikuwa tofauti. Jioni nyingi za mhazini zilikwenda katika kulinganisha maandishi haya manne na kutafuta yalipopishana. Programu yoyote tungeiweka hapo, ingeurithi mvutano huo huo, ila ingeuendesha kwa kasi zaidi.

Hapo mmoja wetu alitueleza kisa kilichoandikwa na mwalimu wa Marekani, Michael Hammer, mwaka 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya magari ya Ford ilikuwa na watu zaidi ya 500 huko Amerika Kaskazini ambao kazi yao ilikuwa kuwalipa wauzaji wa vipuri. Wakubwa walidhani kwamba kwa msaada wa kompyuta wangeweza kubakia na watu 400. Kisha wakaitazama kampuni ya Mazda ya Japani, wakakuta kazi hiyo inafanywa na watu 5. Mazda ilikuwa kampuni ndogo zaidi, lakini udogo peke yake haukueleza tofauti hiyo. Walipochunguza, waliona kwamba makarani wao walitumia wakati wao mwingi kulinganisha karatasi tatu, yaani hati ya agizo, hati ya kupokea mzigo, na ankara ya muuzaji, na kufuatilia zisipolingana. Wakaiondoa ankara. Mzigo ulipofika, karani wa mapokezi aliangalia kama unalingana na agizo lililohifadhiwa katika kompyuta, ukilingana, unapokewa na malipo yanatoka, usipolingana, unarudishwa. Idadi ya wafanyakazi wa kazi hiyo ikapungua kwa robo tatu. Kompyuta ilitumika, naam, lakini baada ya watu kujiuliza kwa nini ile karatasi ya tatu ipo.

Sisi hatuna kiwanda, wala hatukutaka kumwondoa mtu kazini. Lakini swali lile lilitufaa: kwa nini mchango uandikwe mara nne?

Tukarudi kwa rai ya vijana. Hatukutaka kuivunja nia yao, kwani nia njema ni mtaji. Hata hivyo tuliwauliza: huyu kijana wetu atakapomaliza masomo na kupata kazi Nairobi au Ghuba, nani atailea programu hii? Programu haifanani na msikiti, ambao ukishajengwa hutaka chokaa na zulia tu kwa miaka mingi. Yafanana zaidi na jahazi, ambalo lisipopigwa kalafati kila msimu, maji huingia. Simu hubadilika, kanuni za malipo hubadilika, na aliyeiandika peke yake ndiye ajuaye alikofunga kamba. Marehemu Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu za mitambo ya IBM System/360, aliandika mwaka 1986 kwamba uzito mkubwa wa kazi hii hauko katika kuandika programu, bali uko katika kujua barabara unataka ifanye nini. Naye aliwashauri watu kwamba wakiweza kununua kilichokwisha kutengenezwa, wasitengeneze. Sisi wenyewe, siku ile, tusingeweza kumwambia kijana wetu programu ifanye nini, kwa sababu kila mmoja wetu angemwambia la kwake.

Mfano mmoja ni wa mwezi. Tangu waasisi wa mfuko, mchango ulidaiwa kwa mwezi mwandamo. Vijana walisema hii ndiyo sababu ya kutengeneza programu yetu, kwa kuwa ile iliyopendekezwa kununuliwa ilihesabu miezi ya kizungu tu. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo hesabu hizi mbili huachana kwa siku 11 hivi kila mwaka, na baada ya miaka 32 ya jua huwa imetimia miaka 33 ya mwandamo. Tulilijadili kwa heshima na wazee. Wakakubali kwamba zaka ina hawli yake, na hawli ni ya mwezi mwandamo, haibadilishwi na kamati. Lakini mchango wa maziko ni mapatano baina yetu, na mishahara ya watu wetu huingia mwisho wa mwezi wa kawaida. Tukahamisha tarehe. Jambo lililoonekana kudai programu ya pekee likaondoka kwa kikao kimoja na vikombe vya kahawa.

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi. Ami yetu mhazini ameshika daftari kwa miaka 19, bila mshahara na bila kosa la senti moja. Tulipopendekeza kwamba pawepo daftari moja tu, na kwamba hesabu ya kila mwezi ithibitishwe na watu wawili, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wanangu, mumenishuku?"

Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini watu wengi hukimbilia kununua. Programu hununuliwa, kila mtu akabaki mahali pake, wala hapana anayeambiwa neno. Kubadilisha utaratibu kunagusa nafsi za watu: fulani ataacha alilolizoea, fulani atatazamwa akifanya kazi yake. Fedha za programu, mara nyingi, ni fedha za kuyakimbia mazungumzo hayo.

Hatukuyakimbia. Aliyemjibu alikuwa ma'alim wetu, ambaye Ami mwenyewe ndiye aliyemfundisha alifu na bee. Alimkumbusha aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo yahusu kuandika deni. Imeamrisha mwandishi muadilifu, na pamoja naye ikataka mashahidi. Wala haikuwataka mashahidi kwa sababu mwandishi ni mwizi. Shahidi humlinda mwandishi kabla ya kumlinda mwenye mali. Ma'alim akaongeza, "Ami, ukiugua wewe kesho, nani atajua ulichokiandika? Na ukifariki, nani atakutetea?" Mzee alicheka, akasema kwamba kwa umri wake swali hilo si la mbali. Akakubali, kwa sharti kwamba daftari lake kuukuu lihifadhiwe na lisitupwe. Limehifadhiwa.

Basi tukafanya haya. Kila nyumba ilipewa namba, kuanzia 1 hadi 140. Mfuko ulisajili namba ya Paybill, na anayetuma mchango huandika namba ya nyumba katika nafasi ya akaunti. Kwa hiyo mkwe aliye Lamu akituma, fedha huja na namba ya nyumba ya wakweze, jina la mtumaji liwe lolote. Asiyetumia simu hulipa taslimu Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika baraza la madrasa, na hupewa stakabadhi papo hapo. Daftari ni moja, nalo ni jedwali la hesabu katika kompyuta ambayo madrasa ilikuwa nayo tayari. Tarehe 5 ya kila mwezi Ami na Bi Katibu huketi pamoja na kulithibitisha, kisha nakala huchapishwa na kuwekwa kabatini. Kazi iliyokuwa ikichukua jioni nne sasa humalizika kwa jioni moja.

Tukaweka na kanuni ya mwisho: habari ya michango isiulizwe mpaka matanga yaishe, na ikiulizwa, iulizwe faraghani. Kanuni hii haikugharimu hata senti, wala hakuna programu ambayo ingetupa.

Tusifahamike vibaya kwamba twapinga kununua au kutengeneza. Duka lenye bidhaa elfu moja na wahudumu watatu halina budi kununua programu ya mauzo, kwani kazi ya duka hilo ni sawa na ya maelfu ya maduka mengine, na walioyajua matatizo yake wamekwisha kuyatatua. Kutengeneza nako kuna mahali pake, pale ambapo kazi yako haifanani na ya mwingine yeyote, nawe una mtu wa kuilea programu kwa miaka. Lakini njia zote mbili zataka utaratibu ulionyooka uwe umetangulia. Chombo kipya hakimfai nahodha asiyejua aendako.

Anayekabiliwa na swali kama letu, tungemshauri aandike katika karatasi moja jinsi kazi yake inavyokwenda, hatua kwa hatua, na kila penye hatua aulize ingekuwaje kama isingekuwapo. Baada ya hapo atazame kama kilichobaki ni sawa na cha wengine, au ni chake peke yake. Na kabla ya kutoa fedha, aulize habari za watu zitahifadhiwa wapi. Majina ya wajane wetu, namba zao za vitambulisho na hesabu za watoto wao ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imemwajibisha kila anayezikusanya hapa Kenya. Muuzaji anayeshindwa kulijibu swali hilo, na asiyeweza kukuonyesha utakavyozitoa habari zako siku mkiachana, ni vyema kumuaga kwa wema.

Mtaa wa jirani umetuomba tuungane nao. Tukikubali, nyumba zitapita 300, na huenda jioni moja ya Ami na Bi Katibu ikawa haitoshi tena. Hapo swali la kununua litarudi kikaoni, nasi tutalipokea. Safari hii tutaweza kumwambia muuzaji kwa ukurasa mmoja tunachokitaka, na kijana wetu wa chuoni, aliyeandika jedwali tunalolitumia, ndiye tuliyemchagua aje amhoji.

Wabillahi tawfiq.