Ubutu wa Pembetatu: Fikra Kuhusu Istilahi Moja ya Jiometri

Miongoni mwa istilahi za jiometri, hakuna inayonishughulisha kama pembe butu. Kwa ufafanuzi, hii ni pembe inayozidi nyuzi 90 na isiyofikia nyuzi 180. Pembetatu yenye pembe ya namna hiyo huitwa pembetatu butu. Maelezo hayo ni mafupi na sahihi. Hata hivyo, mwanafunzi huja darasani na neno butu alilolizoea nyumbani.

Huko nyumbani, kitu butu kimepungukiwa: kisu butu hakikati, na shoka butu humchosha mkata kuni bure. Mtoto mmoja niliyekuwa nikimsaidia hesabu aliniuliza, "Mwalimu, kama hii ni butu, mbona ndiyo inayozishinda zote?" Swali lake lilikuwa la haki. Kwa kuwa jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180, pembe butu haiwezi kuwa zaidi ya moja. Nayo ndiyo kubwa kuliko zote na huelekeana na upande mrefu kuliko zote. Aidha, pembe mbili zinazobaki ni kali, ilhali umbo zima huitwa butu. Pembetatu kali, kinyume chake, haina budi kuwa na pembe kali zote tatu.

Ubutu huu si wetu peke yetu. Euclid, yapata 300 K.K., alitumia neno la Kiyunani lenye maana hiyo hiyo ya kukosa makali. Kiarabu, ambacho Kiswahili kimekopa kwacho maneno mengi, kilishika njia nyingine: pembe ndogo huitwa kali, bali kubwa huitwa munfarija, yaani iliyopanuka. Neno letu linatazama ncha. La Kiarabu linatazama uwazi ulio kati ya mistari miwili, na uwazi ndio unaopimwa. Sipendekezi kuitupa istilahi iliyokwisha kuzoeleka. Ninachosisitiza ni kwamba mwalimu aeleze neno linatazama wapi, kabla mwanafunzi hajalikariri.

Haja hiyo hudhihirika zaidi tufikapo kwenye kimo. Wanafunzi wengi hutarajia kimo kiwe ndani ya umbo. Katika pembetatu butu, vimo viwili kati ya vitatu huangukia nje. Hapa lugha yetu inasaidia: kimo cha mnazi ulioinama hakipimwi kwa kufuata shina, bali kutoka kileleni kushuka wima hadi ardhini, mbali na mizizi. Tuchukue pembetatu yenye pande 4, 13 na 15. Kitako kikiwa 4, hatuna budi kukirefusha kwa 5 ndipo kikutane na kimo, ambacho ni 12. Eneo ni nusu ya 4 mara 12, yaani 24. Ule urefu wa 5 ulioongezwa hauhesabiwi katika kitako.

Urefu huo, hata hivyo, una kazi. Euclid alithibitisha katika kitabu cha pili cha Elements kwamba mraba wa upande unaoelekeana na pembe butu huzidi jumla ya miraba ya pande nyingine kwa mara mbili ya zao la kitako na kile kipande cha nje. Miraba ya 4 na 13 ni 185. Mara mbili ya 4 kwa 5 ni 40. Jumla ni 225, ambayo ni mraba wa 15. Mwanafunzi aliyeelewa hesabu hii hatauona tena ubutu kuwa upungufu: ni ziada inayoweza kupimwa.