Meno Mawili Kwenda Otse

Afisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Gaborone alifungua begi langu la pili, akafunua kanga niliyoviringishia mzigo, akanyamaza. Ndani yalikuwa yamelala meno mawili ya tembo, kila moja urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole, rangi ya samli iliyoganda, na mstari wa kahawia pale ufizi unapoishia. Abiria aliyekuwa nyuma yangu akarudi hatua moja.

"Mma," akasema yule mama taratibu, "hivi ni vitu gani?"

Yalikuwa meno ya bandia, yamemiminwa kwa plastiki ngumu kwenye kalibu ya meno halisi, na barua ya kuyaeleza nilikuwa nayo mkononi tangu Dar es Salaam. Barua haikumtosha. Aliyagonga kwa ukucha, akayanusa, akayapima kwenye mizani moja moja. Kisha akachukua fomu na kuandika: vipande viwili, uzito wa kila kimoja, alama niliyochora shinani kwa kalamu ya wino mzito, namba ya pasipoti yangu, saa tisa na dakika 10 alasiri. Akatia saini, nikatia yangu, akanipa nakala. Zilipita dakika 40. Nilitamani kumkumbatia, maana alichokifanya pale kaunta ndicho nilichotumwa Botswana kwenda kukifundisha kwa wiki mbili.

Ilikuwa Juni 2022. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa kwenye madawati ya kozi nyingi, nikiwa mpelelezi wa makosa ya wanyamapori, naandika ninachoambiwa. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa naongoza mafunzo, mara yangu ya kwanza kufanya hivyo nje ya Tanzania. Walionisubiri ni washiriki 24 kutoka nchi saba: polisi, askari wa wanyamapori, watu wa forodha na waendesha mashtaka wawili. Mahali palikuwa Otse, kijiji kilichoko kilometa 45 hivi kusini mwa Gaborone, kwenye chuo cha kimataifa cha maofisa wa kusimamia sheria. Chuo hicho kilitokana na makubaliano ya Botswana na Marekani ya mwaka 2000, miaka mitano baada ya chuo cha kwanza cha aina hiyo kufunguliwa Budapest.

Dereva aliyenipokea alikuwa mzee mpole, tukaitana rra na mma, yaani bwana na bibi, njia nzima. Nilimwomba anifundishe Kisetswana, na kila neno alilonipa nililikuta nyumbani: batho ni watu, metsi ni maji, nama ni nyama, noga ni nyoka. Pula ni mvua, na ndilo jina la fedha yao, na ndilo neno wanaloombeana heri. Tulipokaribia Otse jua lilikuwa linazama, baridi imeanza kuuma. Alinyoosha kidole kwenye mwamba mrefu wenye michirizi myeupe kama chokaa iliyomwagwa kutoka juu. Mannyelanong, akasema. Manong ni tumbusi, na jina zima lina maana ya mahali wanaponyea tumbusi. Hutaga pale, yai moja tu kwa mwaka, na mwezi ule walikuwa wanaatamia. Nilihesabu madoa meusi 11 kwenye kingo za mwamba kabla mwanga haujaisha.

Tulipofika hosteli nilikuwa hoi. Mzee akashauri begi la meno libaki garini, asubuhi alipeleke darasani moja kwa moja. Nikakubali, nikaenda kulala.

Siku ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa slaidi 90, nyingi zikiwa za sheria. Nilieleza jinsi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa namba 110 ya mwaka 2007, ilivyotaka kila kielelezo kiwe na maandishi yanayoonyesha mfululizo wake tangu kinapokamatwa hadi kinapotolewa mahakamani. Nikaendelea na hukumu za baadaye, ambamo mahakama hiyo hiyo ilisema meno ya tembo si kitu chepesi kubadilishwa njiani, hivyo masharti yanaweza kulegezwa kidogo. Nilikuwa naongea na ukuta. Sheria yangu haikuwa yao. Mkalimani wa Kireno alikuwa anatokwa jasho kwenye baridi ile. Na kila nilipouliza swali, alijibu mwenye cheo kikubwa kuliko wote, wengine wakitazama meza.

Wakati wa chai mshiriki kutoka Msumbiji alinisogelea. "Shikamoo, mwalimu."

Nilishtuka hadi chai ikamwagika kwenye sahani. Kiswahili chake kilikuwa safi, chenye lafudhi ya Kiyao. Kwao ni Niassa, aliniambia, lakini mama yake alikulia Songea kama mkimbizi wakati wa vita vya ukombozi, akarudi kwao na lugha. Tukaulizana tulikuwa wapi miaka ile mibaya ya ujangili. Watanzania wa idara yangu hawawezi kuisahau: sensa ya mwaka 2009 ilikuta tembo 109,051 nchini, ya mwaka 2014 ikakuta 43,330. Mwaka 2015 Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichapisha matokeo ya vinasaba vya shehena kubwa zilizokamatwa duniani, na kwa tembo wa nyika sehemu kubwa ya meno ilielekeza pembe moja ya ramani: kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Ni mapori ya Selous na Niassa, kwetu na kwao.

"Sisi tulikuwa tunafuata nyayo zinazokwenda mtoni," akasema. "Tukifika Ruvuma, kazi imekwisha."

"Nasi tulikuwa tunakuta nyayo zinazotoka mtoni, kaka. Hatukujua zimeanzia wapi."

Tulibaki tumeshika vikombe. Inawezekana kabisa tuliwahi kuwa kando mbili za mto ule usiku mmoja, tukiwasaka watu wale wale, bila namba ya simu ya kupigiana.

Usiku ule nilifuta slaidi 70. Sheria kila mtu anayo kwao, na mwendesha mashtaka wake ataifahamu vizuri kuliko mimi. Kinachoweza kuvuka mpaka ni kazi ya mikono: kushika, kupima, kuandika, kufunga, kukabidhi. Nikaamua pia kwamba kiongozi wa kila zoezi atapatikana kwa kura, cheo kibaki mlangoni.

Asubuhi ya pili niliweka meno mezani. Niliwaonyesha jinsi ya kutambua jozi: mzingo wa shina, rangi, umbo la mkunjo, na ule mstari wa ufizi, ambao ukiwekwa sambamba kwenye meno mawili unaelekea kusema kama yametoka kinywa kimoja. Niliwaeleza ni kwa nini jambo hilo lina uzito. Mwaka 2018 timu ya Wasser ilitoa matokeo ya shehena zilizokamatwa kati ya 2011 na 2014. Walikuwa wamekuta jozi zilizotenganishwa, jino moja kwenye kontena hili na mwenzake kwenye kontena lingine, lakini bandari ya kuondokea ni ile ile na muda kati ya safari hizo hauzidi miezi kumi. Kwa njia hiyo shehena mbili zilizoonekana hazihusiani zikageuka mzigo wa genge moja. Nikawakumbusha meno 532 yaliyokamatwa Singapore mwaka 2002, zaidi ya tani sita, yakiwa yametoka Malawi kupitia Afrika Kusini, na vinasaba vikaonyesha kuwa tembo wenyewe waliuawa zaidi Zambia. Wamalawi na Wazambia waliokaa meza mbili tofauti wakageuka kutazamana.

Kisha, kwa fahari, nikagawa nakala za fomu ya yule mama wa forodha kama mfano wa kazi nzuri.

Mkono uliinuka nyuma kabisa. Alikuwa askari wa wanyamapori kutoka Zambia, wa cheo cha chini kuliko wote, mtu ambaye jana yake hakufungua kinywa. Alisimama wima.

"Mwalimu, fomu inasema saa tisa na dakika 10 alasiri ya juzi. Umeyaleta mezani leo saa mbili asubuhi. Hapo katikati yalikuwa kwa nani?"

Nilifungua mdomo kumjibu, nikaufunga. Usiku mmoja begi lilikaa garini, siku nzima na usiku wa pili likakaa kwenye kona ya darasa. Sikuandika kitu. Sikuwa nimelifunga kwa lakiri. Hata jina kamili la yule mzee dereva sikulijua.

Nikakumbuka kizimba cha mashahidi, miaka mingi nyuma, katika kesi yangu ya tatu. Meno manne niliyakamata mwenyewe, nikayaandika alama moja kwenye hati ya ukamataji, na kwenye daftari la ghala yakaingia kwa alama nyingine. Wakili wa utetezi aliniuliza swali hili hili. Nilijaribu kueleza kwa kichwa kilichotokea, na kadiri nilivyoeleza ndivyo hakimu alivyozidi kuweka kalamu chini. Mshtakiwa alitoka mlango wa mbele na ndugu zake wakimpungia mkono. Darasa lile la Otse lilikuwa la kwanza kulisikia jambo hilo kutoka kwangu. Nilipomaliza, yule Mzambia alikuja mezani, akavuta fomu tupu, akanipa kalamu.

"Tuandike kama ilivyokuwa," akasema.

Tukaandika mbele ya wote, na mzee dereva akaitwa aweke saini yake: begi garini, bila lakiri, ufunguo kwa dereva, kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Ukurasa ulikuwa na aibu yake, lakini mwendesha mashtaka mmoja alisema hapo hapo kwamba karatasi kama ile angeweza kuibeba mahakamani na kuitetea. Ile ya kwanza, yenye kimya katikati, asingethubutu.

Kuanzia siku hiyo mafunzo yalikwenda yenyewe. Wiki ya pili tulitoka porini na mbuzi aliyekufa tuliyemnunua kijijini, tukamlaza chini ya mti wa miiba awe mzoga wa tembo. Nilianza na sumu. Juni 2019, kaskazini mwa Botswana, tumbusi 537 walikufa kwa kula mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu, na 10 kati yao walikuwa wa jamii hii inayotaga kwenye mwamba wa Otse. Majangili huwachukia tumbusi kwa sababu wakianza kuzunguka angani askari hujua pa kwenda. Kwa hiyo mzoga wenye ndege waliokufa kando yake hauguswi kwa mikono mitupu. Kuna viuatilifu vinavyopenya ngozi. Glavu kwanza, ndipo njia moja ya kuingilia na kutokea, picha zenye kipimo, mchoro, kisha kifaa cha kutambua chuma kwa ajili ya risasi na maganda yake. Vyenye unyevu vinakwenda kwenye bahasha ya karatasi, maana ndani ya plastiki vitaota ukungu.

Kura ya uongozi ilimwangukia Mzambia. Kamanda mmoja mwenye nyota begani alipewa kazi ya kushika utepe wa kupimia, akaushika saa mbili bila kulalamika, nami nikamheshimu kwa hilo kuliko kwa nyota zake. Tulikuwa tumeficha vitu tisa. Yule askari alivipata vyote, kisha akachuchumaa kwenye mchanga, akatuita. Alikuwa ameona alama ya soli tusiyoipanga. Aliweka kijiti kwenye kisigino, kingine kwenye dole gumba, akapima hatua hadi alama iliyofuata. Mtu huyu, akasema, alikuwa amebeba kitu kizito bega la kulia, na mguu wa kushoto unamsumbua. Alikuwa kijana aliyetuletea mbuzi alfajiri. Goti lake la kushoto lilikuwa limefungwa bendeji.

Nasema hili kwa wanaopanga nani aende kozi za nje: wapelekeni na hawa. Nimeona orodha nyingi zilizojaa wakuu wa idara wanaokaribia kustaafu, huku anayefika kwanza kwenye mzoga, ambaye mkono wake ndio utakaoharibu au kuokoa kesi, akibaki kambini na buti lililotoboka.

Jioni ya mwisho tulikula seswaa, nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa chumvi na kupondwapondwa hadi ikawa nyuzi, pamoja na uji mzito wa mtama. Mmsumbiji alikuja na sahani yake, akakaa karibu nami.

"Dada, nina vijana 30 kule Niassa. Wengi hawajawahi kufundishwa kupima mstari wa ufizi. Niachie jino moja."

Nilifikiria yale makontena, jozi zilizotenganishwa ili zisijulikane. Tukaomba fomu ofisini, tukajaza usiku ule, Mzambia akiwa shahidi: kipande kimoja, uzito, alama, kutoka kwangu, kwenda kwake, saa mbili na dakika 25 usiku. Akalifunga kwa lakiri mwenyewe.

Kesho yake tulifika uwanja wa ndege pamoja. Kwenye kaunta ya forodha alikuwepo kijana mwingine. Alichukua nakala ya fomu yangu ya kuingilia, akatazama begi langu lililofunguliwa.

"Mma, yaliingia mawili."

Nikamwekea karatasi zote mezani, ile ya aibu ikiwa katikati, na kaka yangu wa ng'ambo ya Ruvuma akasogeza begi lake. Kijana alisoma moja baada ya nyingine, kidole kikifuata saa. Akayatoa meno, akayalaza kwenye kaunta sambamba hadi mistari ya kahawia ikakutana, akayapima. Kisha akagonga mihuri miwili.