Shuka na Kipimo Chake

Neno utamaduni linapotajwa, wengi wetu huona mbele ya macho yetu ngoma, mavazi ya sherehe, mikuki na ngao. Sisi wa Ugogo huongeza zeze na marimba, kisha tukaridhika kwamba tumemaliza orodha. Mwaka 1962 Serikali ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, nia yake ilikuwa kuturudishia fahari ya mambo yaliyo yetu. Lakini sidhani kama yupo aliyefikiri kwamba miongoni mwa mambo hayo kuna kutandika kitanda. Mimi mwenyewe sikufikiri hivyo, ingawa nimefundisha Sayansi Kimu kwa zaidi ya miaka ishirini na nimesahihisha mamia ya majibu juu ya usafi wa chumba cha kulala. Nililazimishwa kufikiri na jambo lililotokea nyumbani kwetu Msalato, nami namwomba msomaji anivumilie nilieleze.

Msalato iko kaskazini mwa mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Arusha. Wageni wanaijua kwa mnada wake wa Jumamosi, ambako mbuzi huchinjwa na kuchomwa papo hapo, na ambako nguo, kuukuu na mpya, hutandazwa chini juu ya maturubali. Sisi tuliokulia huko tunaijua kwa upepo wake wa Julai na vumbi lake jekundu, ambalo halina adabu. Huingia hata katika sanduku lililofungwa.

Mimi nilizaliwa katika tembe, kabla ya watu wa Dodoma kukusanywa vijijini mwaka 1971. Kitanda cha mama kilikuwa vigingi vya panda vilivyochimbiwa sakafuni, juu ya panda zimelazwa fito, na juu ya fito ngozi ya ng'ombe. Mama alinisimulia kwamba baba alikijenga kwa mikono yake, na kabla ya kuchimba shimo la kwanza alimwambia mama alale chini, akatia alama penye kichwa na penye nyayo. Kitanda kile kilikuwa na urefu wa mama, na si wa mtu mwingine. Ngozi nayo ilikatwa ikalingana na fito. Haikuwa na cha kuchomekwa wala cha kuning'inia. Wenzetu wa pwani walikuwa na vitanda vyao vya kamba, na watu wakavipa jina la utani, teremka tukaze, kwa kuwa kamba zililegea kila baada ya siku chache na mwenye kitanda hakuwa na budi kushuka ili zivutwe upya. Godoro lao la sufi au la usumba lilishonwa na fundi aliyekuja kukipima kitanda kwanza. Popote ulipokwenda, kipimo kilitangulia.

Na neno shuka lenyewe ni la kipimo. Hili vijana wetu hawalijui, na mimi nalilaumu somo langu kwa hilo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe haikuwa na njia ya kukwepa Ugogo, nchi kavu yenye visima vichache. Na mwenye kisima alitaka hongo. Hongo ile ililipwa kwa nguo. Wazungu waliopita, kama vile Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliandika kwa uchungu mwingi hesabu za nguo walizotoa kwa watemi wetu, nami nikizisoma husikia raha kidogo, Mungu anisamehe. Hesabu zile zilikuwa za shuka na doti. Mkono mmoja, yaani dhiraa, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka moja, ambayo ni sawa na pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kiasi cha futi 6. Shuka mbili ni doti. Nguo iliyopendwa sana ilikuwa marekani, iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Huko kwao jina la kitambaa kile maana yake ni kitambaa cha kutengenezea shuka za kitandani. Kilitoka katika hesabu ya vitanda vya watu wengine, kikavuka bahari, kikatua mabegani mwa wazee wetu, na baada ya muda mrefu kikarudi tena kitandani kikiitwa kwa jina la kipimo tulichokipimia.

Basi mwaka 2009 mama alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ulikufa ganzi na maneno yakawa mazito kinywani, ingawa akili ilibaki timamu. Nilichukua likizo nikaenda kumuuguza. Nilijua kwamba alilalia godoro la zamani lililobonyea katikati, kwa hiyo nilinunua jipya la sponji mjini Dodoma, futi tatu na nusu kwa sita, unene inchi 6. Na kwa kuwa mtoto aliyekaa mbali hutaka kuonyesha mapenzi yake kwa kitu kinachoonekana, nilikuwa nimekwisha mnunulia, tangu nilikokuwa nikifanya kazi, shuka zuri sana kutoka nje, lenye maua ya zambarau na lastiki kuzunguka pembe zote.

Karatasi ya shuka lile ilisema sentimita 120 kwa 200. Sikujishughulisha kubadili sentimita kuwa futi. Nilijiambia kwamba shuka likipungua ndiyo taabu, likizidi hakuna neno. Laiti ningechukua kalamu. Futi tatu na nusu ni sentimita 107 hivi, na futi sita ni 183. Shuka lilizidi godoro kwa sentimita 13 upande mmoja na 17 upande mwingine, na lastiki, ambayo kazi yake ni kuvuta kitambaa kikaze chini ya godoro, haikuwa na cha kuvuta. Asubuhi lilipendeza. Ilipofika adhuhuri, kila tulipomgeuza mama, ziada yote ilimfuata ikakusanyika chini ya kiuno chake kwa mikunjo minene kama kamba. Mtu mzima mwenye afya hujigeuza usingizini akaikwepa mikunjo bila kujua. Mgonjwa wa kiharusi hulala juu yake, na upande uliokufa ganzi haumwambii kitu.

Siku ya sita alikuja shangazi yangu, dada yake baba, muuguzi aliyestaafu. Tulipokwisha kuamkiana hakuketi. Alimgeuza mama ubavu, akafunua mgongo wa chini, akanionyesha wekundu uliokuwa na ukubwa wa sarafu. Akaubonyeza kwa kidole na kukiondoa. Wekundu haukufifia.

"Mwanangu," akasema, "ngozi ikibonyezwa ikabaki nyekundu hivi, damu haipiti vizuri. Kesho itachubuka, kesho kutwa litakuwa donda, na donda la mahali hapa hufika mfupani. Wewe si ndiye unayefundisha watoto wa watu kutandika?"

Nilinyamaza. Alikuwa mwenye haki ya kusema. Kisha akanieleza, kwa upole zaidi, kwamba kosa halikuwa la shuka peke yake. Uzito wa mwili ukikaa mahali pamoja ndio adui wa kwanza, na ilitupasa kumgeuza mama kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Unyevu ni adui wa pili. Mikunjo na msuguano huja kumalizia kazi. Lakini kati ya hayo, shuka ndilo lililoweza kurekebishwa saa ileile. Aliling'oa, akalitupa kitini pamoja na zambarau zake, akamlaza mama kwa muda juu ya kanga mbili.

Tukaanza kutafuta kitambaa. Madukani pale karibu hapakuwa na shuka la pamba tupu; yaliyokuwapo yalikuwa ya nailoni, yanayoteleza na kutunza joto. Mama alikuwa akitusikiliza. Akanyoosha mkono wake wa kulia kuelekea sanduku la bati lililokuwa chini ya dirisha.

Mimi nilijua kilichokuwamo. Mwaka 1984, wakati nguo ilipokuwa adimu nchini na maduka ya vijiji yaligawa kwa orodha, mama alipata wari sita za marekani nyeupe, upana wa inchi 36. Hakushona gauni. Aliikunja akaiweka, akatuambia watoto wote kwamba hiyo ndiyo nguo yake ya safari, yaani sanda, ili siku yake ikifika tusianze kuhangaika kama tulivyohangaika alipokufa baba. Kwa miaka 25 hakuna aliyeigusa, ila yeye mwenyewe kuianika juani baada ya masika.

"Si hiyo, mama," nikasema.

Alichukua muda mrefu kuyapanga maneno. "Nipo hai," akasema. "Kateni."

Ndipo nikaona kipimo kikifanya kazi. Shangazi hakuomba utepe. Alipima godoro kwa shibiri, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, na shibiri ni nusu ya dhiraa, inchi 9. Upana wa godoro inchi 42. Unene, ambao watu huusahau, inchi 6 kwa kila upande, jumla 12. Na ya kuchomekea chini shibiri moja kila upande, jumla 18. Ukijumlisha ni 72, yaani pima moja kamili. Urefu nao, inchi 72, ongeza 12, ongeza 18, ni 102. Tukachukua 108, pima moja na nusu, zile sita zilizozidi zikiwa za upindo na za kunywea, kwa sababu pamba hunywea ikifuliwa, na asiyeliwekea jambo hilo akiba atalia baada ya wiki moja. Pande mbili za pima moja na nusu ni pima tatu, ambazo ndizo wari sita. Kitambaa cha mama kilitosha, pasipo kubaki hata utepe.

Nilitaka kuziunganisha pande zile mbili ubavu kwa ubavu, thelathini na sita na thelathini na sita, kama kila mtu afanyavyo. Shangazi akanizuia. Mshono ungeangukia katikati, chini ya uti wa mgongo wa mama, na mshono ni mkunjo usionyooka kamwe. Alichukua upande mmoja akaupasua katikati kwa urefu, ukawa vipande viwili vya inchi 18. Kimoja akakishona kulia kwa upande mzima, kimoja kushoto. Upana ukawa uleule, ukitoa inchi mbili zilizoliwa na mishono, lakini sasa mishono ilikaa karibu na kingo za godoro, mahali ambapo mwili haufiki. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba kumpimia mtu shuka ni kufikiri atalalia sehemu gani yake. Vitabu vyangu vya darasani vilikuwa na vipimo vyote, isipokuwa hicho.

Tulilifua kwanza ili gundi ya kiwandani itoke, likakauka kwa upepo wa Msalato kabla ya saa sita. Tulilitandika huku mama amelala ubavu, nusu ya kitanda kwanza, kisha nusu ya pili. Upande wa kichwani ukachomekwa kabla ya ubavu, pembe zikakunjwa mshazari kama kwenye wodi, shangazi akisimama kwake na mimi kwangu, tukivuta pamoja. Kitambaa kilikaza kama ngozi iliyowambwa. Mama alipolazwa chali alipapasa kwa mkono wake mzima, huku na huku, kama atafutaye kitu kilichoanguka, na asikipate.

Wekundu ulitoweka siku ya nne. Sisemi uliponywa na marekani; tulikuwa tukiamka usiku kumgeuza, na miguu yake tuliiinua kwa mto ili visigino visiguse godoro. Baada ya miezi mitatu aliweza kuketi, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa akitembea kwa gongo hadi uani kuwafokea kuku. Lile shuka la maua nililipeleka kwa fundi cherehani alipunguze, akatoa lastiki, akapata shuka la kawaida na foronya mbili.

Nilirudi shuleni. Katika mafunzo ya vitendo niliacha kuanza na kutandika. Niliwapa wasichana kamba tupu, nikawataka wanieleze godoro la bwenini ni shibiri ngapi, unene wake ni vidole vingapi, na shuka alilonunuliwa kila mmoja linabakiza nini cha kuchomekea. Wengi waligundua kwamba halibakizi kitu. Wachache waligundua kwamba magodoro yao yalikwisha bonyea, yakawa membamba kuliko yalivyonunuliwa, na kwamba shuka lililofaa kidato cha kwanza sasa limelegea. Mmoja aliniuliza kama mikono yetu si sawa kwa urefu, kipimo cha nani kitafuatwa. Nikamjibu: cha yule atakayelala.

Mama alifariki mwaka 2013. Sanda ilitupasa tuinunue. Kijana wa dukani aliniuliza nataka mita ngapi, nami nikamwomba anishikie ncha ya kitambaa, nikanyoosha mikono yangu miwili, nikapima. Shuka lile la marekani lipo kwangu hadi leo. Godoro langu ni futi nne kwa sita, kwa hiyo ubavuni halichomekeki vizuri, nalitumia kujifunika.