Daftari la Safari ya Rwenzori

Mezani pangu liko daftari la shule ambalo halina hata sahihisho moja la mwanafunzi. Masahihisho yote yaliyomo ni ya mwalimu mwenyewe. Ndani yake nimeandika mpango wa safari ya juma moja: kuizunguka milima ya Rwenzori kwa miguu, mzigo mgongoni, mimi na mwalimu mwenzangu, wakati wa likizo ya mwezi wa saba. Mpango huo nimeuandika mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikosea, nami nataka kuwasimulia makosa yangu, maana huenda yakamfaa mtu mwingine atakayeondoka kwenda nchi isiyo na duka wala gari.

Sisi tuliozaliwa katika eneo la Beni twaijua Rwenzori kwa macho tu. Asubuhi chache za mwaka mawingu hufunguka, tukaona weupe kule juu, kisha pazia hufungwa tena. Wazee wetu Wanande, pamoja na ndugu zao Bakonzo wa Uganda, huuita mlima huo Rwenzururu, mahali pa theluji, na zamani walisema ya kwamba Kitasamba ndiye mwenye theluji ile. Kilele kikubwa, chenye mita 5,109, kiko mpakani mwa nchi zetu mbili. Kinaitwa Margherita, jina la malkia wa Italia, kwa sababu mtawala mdogo wa Abruzzi alikifikia mwaka 1906, akiongozwa na kubebewa mizigo na watu waliokuwa wakiishi chini ya mlima huo tangu kale.

Njia ya upande wetu huanzia Mutwanga. Lakini tangu mwaka 2014 raia wengi wameuawa katika eneo la Beni, na mtu mwenye akili haendi msituni kwa starehe mahali ambapo jirani zake wanakimbia. Hata upande wa Uganda mbuga ilifungwa kwa sababu ya vita tangu mwaka 1997 hadi 2001. Ndiyo sababu mstari wa kwanza wa daftari langu hausemi neno la viatu wala la chakula. Unasema: uliza habari za usalama, uulize tena siku ya mwisho, na ukijibiwa vibaya baki nyumbani. Tumeamua kuvuka mpaka pale Kasindi, kufika Kasese, na kuanzia kijiji cha Nyakalengija.

Sasa nisimulie kosa la kwanza. Niliandika siku sita, na kilele cha Margherita ndani yake. Niliona haya kwenda karibu na mlima mkubwa namna ile nikarudi bila kusema, «Nimefika juu.» Rafiki yangu alisoma ukurasa huo, akatikisa kichwa kukubali, wala hakuongeza neno. Ila mke wake, aliyekuwa akituandalia chai, aliuliza kwa sauti ya upole: «Mwalimu, na safari hii pia utamwambia asonge mbele?»

Nilinyamaza. Shemeji yangu alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 2016 mimi na mumewe tulipanda Nyiragongo, tukitoka Kibati hadi ukingoni, kwenye mita 3,470. Ni kama mita 1,500 za kupanda kwa siku moja. Katika pumziko la tatu alilalamika kwamba kichwa chamwuma na chakula chamchukiza. Mimi nilikumbuka fedha tulizolipa, fedha za miezi mingi ya akiba, nikamwambia: «Usiwe kama mtoto. Songa mbele.» Alisonga. Usiku kucha alitapika na kutetemeka, nami nilikaa karibu naye nikitazama moto mwekundu wa volkano, moto niliokuwa nimeutamani tangu utoto, lakini sikuona uzuri wowote. Kulipopambazuka tulishuka tukimshika mikono. Kadiri tulivyoshuka ndivyo alivyopona, na kabla ya saa sita mchana aliomba ndizi. Hakuwa na ugonjwa mwingine ila ule wa urefu wa mlima, ambao dawa yake ya hakika ni kushuka. Wala hakunilaumu hata siku moja. Kutolaumiwa huko kumenilemea kuliko lawama.

Basi niliufuta ukurasa wa kwanza. Margherita huhitaji kamba, shoka la barafu na vyuma vya kufunga chini ya viatu, na usiku mmoja zaidi katika kibanda kilicho juu ya mita 4,500. Sisi hatuna mazoea hayo. Tutakitazama kilele kwa mbali, kama mawingu yatakubali, nacho hakitapungua kimo kwa kutazamwa.

Kosa la pili lilikuwa la mzigo. Niliandika maharagwe, chakula chetu cha kila siku. Kumbe, juu ya mlima hewa ni nyepesi, na kwenye mita 4,000 maji huchemka yakiwa na joto la digrii 87 tu. Maharagwe yangechemka tangu jioni hadi usiku wa manane bila kuiva, na mafuta yetu yangekwisha. Badala yake tutachukua unga wa uji, ndagala wakavu, njugu zilizokwisha kukaangwa, sukari na chumvi. Nilihesabu gramu 750 za chakula kikavu kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa siku nane ni kilo 6 kila mtu. Hatutakata kuni, kwa kuwa miti ya kule juu hukua polepole sana, na mti uliokatwa leo hautarudi wakati wa watoto wetu.

Ongezeni nguo. Rwenzori ni mlima wa maji. Hata katika miezi ya ukavu, yaani wa sita na wa saba, au tangu wa kumi na mbili hadi wa pili, mvua hunyesha. Viatu virefu vya mpira ni vya lazima kwa ajili ya matope. Kila mmoja atakuwa na nguo za kulalia zilizofungwa katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na nguo hizo hazivaliwi njiani kamwe, hata mtu akilowa mwili mzima. Tulipopima mizigo kwenye mizani ya duka la jirani tuliona aibu. Tulikuwa tumejisifu kwamba tutabeba vyote wenyewe. Sasa tumekubali kuwalipa wapagazi wa Kikonzo pamoja na kiongozi, kwa sababu wao huijua njia, na ujira wao ndio karo ya watoto wao.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na nililigundua nilipochora njia kwenye karatasi na kuandika urefu wa kila mahali pa kulala. Siku ya kwanza twatoka Nyakalengija, kama mita 1,600, na kulala Nyabitaba, kama mita 2,650. Siku ya pili twavuka daraja mahali mito Mubuku na Bujuku inapokutana, kisha twapanda hadi kibanda cha John Matte, kinachopita mita 3,400. Siku ya tatu twapita matope ya Bigo, kati ya lobelia ndefu kuliko mtu, hadi Bujuku, karibu mita 3,960. Siku ya nne twavuka kipito cha Scott Elliot, karibu mita 4,370, kwenda kulala penye maziwa ya Kitandara, karibu mita 4,020. Siku ya tano twavuka kipito cha Freshfield, karibu mita 4,280, na kushuka hadi kibanda cha Guy Yeoman. Siku ya sita twarudi Nyabitaba kwa bonde la Mubuku, na ya saba twafika kijijini. Mduara umefungwa.

Nilipoitazama picha ile niliona neno ambalo orodha ya siku haikunionyesha. Safari ya kwenda na kurudi kwa njia ile ile ina mlango wazi nyuma yako kila saa. Mduara sivyo. Kitandara ni kama chungu kati ya mafiga: ukitaka kuondoka huko, mbele kuna kipito na nyuma kuna kipito. Mtu akiugua pale kwa ajili ya urefu, atalazimika kupanda kwanza ndipo ashuke, na kupanda ndiko kunakomwua. Bali akiugua Bujuku, njia ya nyuma yashuka moja kwa moja kwa kufuata mto.

Kwa hiyo Bujuku ndipo tutakapoamua. Jioni ya siku ya tatu na asubuhi ya siku ya nne kila mmoja atajibu maswali manne: Je, kichwa chauma? Umekula? Umelala? Waweza kutembea juu ya mstari bila kuyumba? Jibu moja baya likitokea, hatuvuki Scott Elliot. Twarudi sote. Tena, kwa kuwa kutoka Nyabitaba hadi John Matte twapanda kwa siku moja zaidi ya inavyofaa, nimeweka siku ya nane kuwa akiba. Mtu akijisikia vibaya kidogo pale John Matte, tutapumzika siku nzima. Chakula cha siku hiyo kimekwisha kuhesabiwa, hivyo tumbo halitatusukuma.

Nilimpelekea rafiki yangu ukurasa wa tatu. Aliusoma polepole, akachukua kalamu yangu, akaandika chini: «Atakayesema turudi haulizwi sababu.» Kisha akatia sahihi. Mimi nikatia yangu. Shemeji yangu alitazama, akasema: «Sasa nitawakaangia njugu.»

Safari bado. Pengine mvua itatunyima kila kitu, tukaona matope na migongo ya wapagazi tu. Tungetamani pia kuiona barafu ingali ipo. Mwaka 1906 ilifunika kama kilomita za mraba 6 na nusu, na mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja. Jambo hili hunisukuma niharakishe, nami nimeandika hivyo daftarini ili nijihadhari nalo, maana hamu ile ile ndiyo iliyonifanya nimhimize mgonjwa kule Nyiragongo.

Wanafunzi wangu huuliza mpango wafaa nini, ikiwa mlima hausomi daftari. Ni kweli, mlima hausomi. Lakini mimi nitalisoma pale Bujuku, nikiwa nimechoka na kuloa, na tamaa ikininong'oneza. Saa hiyo sitakuwa na akili nzuri ya kuamua. Ndiyo sababu nimeamua sasa, nikiwa nimeketi penye kiti kikavu, na taa imewaka.